Nilivyokiposea Chuo Kikuu Binti wa Kimali

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa boksi. Kiti hakuna, meza hakuna. Msajili wa chuo, yaani yule bwana mkubwa anayeshika orodha ya wanafunzi wote na vyeti vyao, alilisukuma kwa mguu mpaka likagusa viatu vyangu, akasema, "Mama Doto, kazi yako ndiyo hii. Zikiisha, njoo uchukue nyingine."

Ndani mlikuwa na prospektasi. Nyie wa leo kila kitu mnakiona kwenye simu, kwa hiyo ngoja niwaeleze. Prospektasi ni kitabu chembamba chenye jalada la kung'aa kinachomwambia kijana na mzazi wake chuo kinafundisha nini, anayeingia awe na sifa gani, maktaba ina vitabu vya aina gani, atakula wapi na atalala wapi. Jina la chuo chenyewe sitalitaja. Kilikuwa jijini, siku hizi hakipo tena kwa jina lile, na wenyewe bado wana mawakili.

Mimi nimekulia Mwamanyili, kwenye pamba na mpunga, na nilipokuwa msichana chuo kikuu hakikumtafuta mtu. Ulichaguliwa, serikali ikakusomesha, basi. Ukikosa, umekosa. Halafu mambo yakafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia vijijini kila mmoja na mizani yake, redio za watu binafsi zikaanza, na vyuo vikuu vya binafsi navyo vikaanzishwa kimoja baada ya kingine. Ghafla chuo ndicho kikawa kinatafuta watu. Kazi hiyo ilipewa jina la udahili, ingawa udahili kwa haki ni kumpokea mtu na kumwandikisha, si kumfuata porini na kipaza sauti. Mimi wakaniita afisa udahili. Nilikuwa mjane, watoto wamekwisha kujitegemea, mdomo ninao na Kisukuma ninacho. Msajili aliniajiri kwa hivyo viwili vya mwisho, na alinieleza hivyo bila kuficha.

Nikakaa juu ya lile boksi nikasoma kitabu chote. Ukurasa ulionishika ulikuwa wa hosteli ya wasichana. Picha nzuri sana: ghorofa mbili, mapazia ya bluu, maua mlangoni, na binti ameketi dirishani anasoma. Nikamuuliza Msajili, "Mzee, hosteli hii iko upande gani? Niione kabla sijaenda kuwaambia watu."

Akanionyesha dirishani. Nikaona msingi, rundo la kokoto, na mbuzi wawili.

"Na hii picha je?"

"Hiyo kachora mchoraji, ndivyo itakavyokuwa. Mpaka Oktoba itakuwa imeezekwa."

"Na isipoezekwa?"

"Mama Doto," akasema, na sauti ikashuka, "unajua ni wangapi waliomba nafasi yako?"

Nilijua. Nikabeba boksi langu.

Nilipangiwa Bariadi na Meatu. Wakati huo mkoa wa Simiyu haujazaliwa, wilaya hizo mbili zilikuwa Shinyanga, na barabara ya kwenda Meatu ilikuwa adhabu. Nilipanga chumba karibu na stendi ya Bariadi, mbele ofisi, nyuma kitanda changu. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, walimu wakuu wananiandikia majina, na mimi natafuta mwenye prinsipo mbili. Prinsipo ni ufaulu unaokubalika kuingia shahada. Chini yake kulikuwa na subsidiari, na hiyo peke yake haikufungulii mlango. Jumapili nilisimama kanisani baada ya matangazo, asubuhi kwa Wakatoliki, mchana kwa wenzao. Siku ya mnada nilisimama kati ya ng'ombe nikapaza sauti. Mara ngapi nimeulizwa, "Mwaka huu pamba mnanunua bei gani, mayu?" yaani mama. Wee! Walikuwa na haki. Kila aliyewafikia na gari na karatasi za kung'aa miaka ile alikuwa na kitu anachotaka kutoka kwao.

Msimu wa pamba ulipokaribia mwisho, mwalimu mkuu mmoja akanipa jina la Kabula, binti wa mzee Masunga wa Kimali. Binti alikuwa na prinsipo tatu, alisoma shule ya bweni mbali na kwao, na sasa yuko nyumbani. "Wahi," mwalimu akaniambia. "Kuna watu wameshaanza kwenda pale kwa ajili yake."

Nikafika mchana. Mzee Masunga alikuwa mfugaji mrefu, mkavu, mwenye kijumba cha mizimu uani na maneno machache kinywani. "Mwadila, mayu," akanisalimu. "Mwadila, baba," nikaitikia. Wazee watatu wa ukoo walikuwa wameshaitwa. Mama yake Kabula alikaa pembeni, na Kabula mwenyewe alisimama mlangoni pa jiko, hakai, hasemi, macho yake yananifuata kila ninapogeuka. Alijua kilichokuwa kinaamuliwa pale.

"Mtoto huyu kuna watu wa heshima wamekuja kumwomba," akasema mzee. "Ng'ombe wameshatajwa. Bado jibu langu tu. Wewe unataka nini?"

Nikaanza hotuba yangu. Shahada, maktaba, chumba cha kompyuta, walimu waliosoma Ulaya. Katikati ya hotuba, mzee mmoja, babu mdogo wa Kabula, mtani wa kijiji kizima, akaniingilia: "Kumbe na chuo nacho kimekuja kuposa! Sasa bwana harusi yuko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi, badala ya kubaki afisa, mdomo wangu ukaniponza. Nikasema, "Bwana harusi ni mkubwa mno, mlangoni hapiti. Ndiyo maana ametuma mshenga. Mshenga ndiye mimi."

Walicheka mpaka mama yake Kabula akajifunika kanga usoni. Mzee Masunga hakucheka.

"Umesema mshenga?"

"Nimesema, baba."

"Haya. Basi nitakuuliza anavyoulizwa mshenga."

Sasa nawaambieni jambo ambalo nililijua vizuri, ndiyo maana sina pa kujitetea. Kwa watu wa ukoo ule, mshenga hapeleki maneno akala pilau akaenda zake. Mshenga anambeba binti. Binti akipigwa au akilala njaa, baba yake hampigii hodi mkwe, anampigia hodi mshenga. Na ikionekana mshenga alidanganya juu ya nyumba ya bwana harusi, ni yeye anayemchukua binti kwake, mpaka nyumba ipatikane. Kwetu Mwamanyili desturi ni hiyo hiyo, ingawa tulikuwa tumeanza kuilegeza. Nilijua, nikatania, kwa sababu niliona kicheko kinanipa mwanafunzi.

Mzee hakuniuliza shahada ni nini. Aliuliza swali moja: "Atalala wapi?"

Nikafungua ukurasa wa hosteli, kitabu kikazungushwa mkono kwa mkono.

"Shule aliyosoma ilikuwa na uzio na matroni," akasema. "Nilikwenda nikaona. Huko jijini sijui njia. Nyumba hii ipo?"

"Ipo."

"Umeingia ndani?"

"Nimeingia, baba."

Sikupepesa jicho. Kabula mlangoni akafumba macho kidogo, nadhani alikuwa anamshukuru Mungu. Wiki ile ile mzee Masunga akawarudishia jibu wale watu wa heshima: binti ameshaposwa kwingine.

Nilipotoka Kimali nikaenda Bukundi, kwa msichana mwingine, Holo, yatima aliyelelewa na bibi yake. Bibi hakuniuliza kitu. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru, "Wabeja, mayu, wabeja sana," na alama ya kidole akaiweka kwenye fomu nilipomwonyesha. Nilirudi Bariadi nikiimba ndani ya pikapu.

Oktoba nikaitwa makao makuu kusaidia wiki ya usajili. Wanafunzi wapya walipanga foleni na masanduku yao ya bati. Nikaiangalia hosteli. Kuta zilikuwa zimefika kimo cha madirisha, juu mbingu. Mlezi wa wanafunzi, afisa anayehusika na malazi na matatizo yao, alikuwa anawaambia mmoja mmoja, "Kwa sasa tafuteni vyumba mtaani, chuo kitawajulisha." Kabula na Holo walikuwa wamefahamiana garini, wakaamua kupanga pamoja. Kabula alinijia na sanduku mkononi.

"Mama, ile nyumba?"

"Inamaliziwa, mwanangu. Vumilia kidogo."

"Baba asijue, mama," akasema. "Akijua nimekwisha."

Walipata chumba nyuma ya baa. Kitasa kilikuwa kibovu, wanasukuma meza mlangoni wakitaka kulala. Nilikwenda kukiona mara moja, nikawanunulia kufuli, kesho yake nikapanda basi la Bariadi. Mnaweza kusema nilirudi kituoni kwangu. Mimi nasema nilikimbia.

Haikufika Krismasi. Mfanyabiashara wa ng'ombe wa Kimali alipeleka mifugo jijini, akamwona Kabula na ndoo kichwani anakatiza mbele ya walevi. Alifika kijijini kabla ya barua yoyote. Asubuhi moja nafungua mlango wa ofisi, nawakuta wamekaa kwenye benchi langu: mzee Masunga, yule babu mdogo mtani, na mzee mwingine. Nikasalimu. Wakaitikia salamu, lakini chai niliyoleta hawakuigusa, na nilipoiona inapoa nikajua kilichowaleta.

"Tumekuja kwa mshenga," akasema mzee Masunga.

"Baba, ngoja nikueleze. Chuo kilikuwa..."

"Chuo sikijui. Wewe ulisema ipo. Nikakuuliza umeingia ndani." Hakupaza sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. "Nipe nyumba, au nipe mtoto wangu nirudi naye. Wale watu bado wanangoja. Watampokea."

Yule mtani aliangalia chini. Siku ile hakuwa na mzaha hata mmoja.

Nikakimbilia simu ya duka la jirani, nikampata Msajili. Nikamweleza yote. Akasema, "Mwambie asome ukurasa wa mwisho. Imeandikwa wazi kwamba chuo kina haki ya kubadili huduma zake bila taarifa."

"Hajui kusoma, mzee."

"Basi msomee."

Nilitazama kile kipaza cha simu kana kwamba kimenitemea mate. Nikakirudisha mahali pake bila kuaga. Nilikuwa na hasira, na nilipokuwa nikirudi ofisini nikagundua kwamba hasira yote haikuwa ya Msajili.

Tukapanda basi sote wanne. Tulifika chuoni wiki ya mitihani ya muhula, wanafunzi wanapita na madaftari vifuani. Mzee Masunga hakutaka ofisi. Alitaka kuonyeshwa nyumba. Akaingia kati ya zile kuta, akasimama pale ambapo pangekuwa chumba cha mtu, akaangalia juu, akaangalia juu muda mrefu, kisha akapiga ukuta kofi mara moja kuona kama umekauka.

Kabula alikuja mbio, ameitwa na wenzake. Holo alikuwa nyuma yake. Kabula akapiga magoti kwenye kokoto. "Baba, nimebakiza mitihani miwili. Niache nimalize hiyo miwili."

Kabla baba yake hajamjibu, Msajili naye akafika, tai shingoni, mkono mbele: "Mzee, karibu sana! Tumepata changamoto kidogo za ujenzi, lakini..."

"Wewe sikujui," akasema mzee Masunga. "Ninayemjua ni huyu." Akanigeukia. "Mshenga, sema."

Jamani, nimesimama mbele ya watu wengi maishani mwangu, makanisani na minadani, lakini siku ile hotuba zote hizo hazikunifaa kitu. Msajili alinikazia macho. Nilijua nikisema nitapoteza kazi, na nisiposema Kabula anaondoka jioni ile kwenda kuolewa na mtu ambaye hajamchagua.

"Nilisema uongo, baba," nikasema. "Sikuingia ndani. Hapakuwa na ndani. Niliona msingi na mbuzi wawili, nikakwambia nimeingia."

Kabula aliniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu asiyenifahamu. Iliniuma kuliko yote.

"Kwa hiyo?" akauliza mzee.

"Kwa hiyo atakaa kwangu. Nitapanga hapa jijini, chumba chenye uzio, leo hii. Atakaa kwangu mpaka amalize."

Msajili akadakia, "Na kituo cha Bariadi atakaa nani?"

"Mtafute mwenye mdomo mwingine."

"Hapa sina nafasi ya afisa. Ipo ya karani wa masjala tu." Masjala ni chumba cha mafaili. Huko unapanga, unapiga mihuri, unapumua vumbi, na humwambii mtu yeyote chochote.

"Naitaka," nikasema.

Chumba tulikipata jioni, kwa mama mmoja mlokole mwenye ukuta na geti. Mzee Masunga alifunga na kufungua komeo la mlango mara tatu. Alijaribu dirisha. Ndipo akamwambia binti yake, "Kafanye mitihani yako," na mimi akaniambia, "Miaka mitatu, mshenga. Nitakuwa nakuja." Alikuja kweli, kila baada ya mavuno, bila taarifa.

Sasa nifike pale ambapo ningependa kuparuka. Tulipokwenda kuchukua sanduku la Kabula kule nyuma ya baa, Holo alitusaidia kulibeba. Chumba changu kipya kilikuwa na kitanda kimoja. Lakini nafasi ya mkeka ilikuwepo, sitawadanganya nanyi. Nilimwangalia. Akaniwahi kabla sijasema neno: "Nendeni tu, mama. Mimi nitapata mwenzangu." Alitabasamu ili nisijisikie vibaya. Hapakuwa na mzee amesimama nyuma yake ananiambia mshenga, sema. Nikaondoka.

Muhula wa pili, mimi nikiwa masjala, ililetwa orodha ya wasioripoti. Jina lake lilikuwa la nne. Kazi ya karani ni kugonga muhuri juu ya faili na kulihamishia kabati la waliofungwa. Nikagonga. Hakuna aliyeniuliza kitu, maana kwa chuo ilikuwa faili moja tu kati ya mafaili.

Kabula alimaliza. Siku ya mahafali mzee Masunga alikaa mstari wa mbele na fimbo yake, na walipotoka akanipa mkono akasema ushenga wangu umekwisha. Hosteli ilizinduliwa mwaka uliofuata, ikiwa na ghorofa moja na bila mapazia. Mimi nilibaki masjala mpaka nastaafu, nikazoea vumbi, na nikaridhika nalo kuliko kipaza sauti. Kabula sasa ni mkuu wa idara huko Bariadi, na shule zikimwalika huwa anasimulia kwamba kuna mama mmoja aliacha cheo ili yeye asome. Watu wananipigia makofi. Nimewahi kumwambia aache, akadhani ni unyenyekevu.

Baada ya kustaafu nilirudi Mwamanyili. Mwaka huu nilikwenda Bukundi kwenye gulio. Sikwenda kununua kitu. Nilikuwa na miaka mingi ya kuahirisha. Nilimkuta Holo anauza vitenge, mnene, mcheshi, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Alinitambua kabla mimi sijamtambua.

"Mama Doto! Mwadila, mayu!" Akaniletea kigoda.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakatoka mawili tu: "Nisamehe, Holo."

Akaendelea kukunja kitenge mpaka akamaliza. "Usiku mmoja watu walivunja mlango wa kile chumba, mama," akasema. "Niliwahi kutoka dirishani. Sikurudi tena, hata vitabu sikuvifuata. Bibi nilimwambia nimeshindwa masomo." Akakiweka kitenge juu ya vingine. "Nilikukasirikia sana. Halafu nikachoka."

Akamwita binti aliyekuwa anahudumia wateja upande wa pili, kifungua mimba wake, amemaliza kidato cha sita na ana barua ya udahili ya chuo kimoja jijini. Mumewe, akaniambia, alishafariki.

"Mimi siku ile sikuwa na mtu wa kusimama pale," akasema Holo. "Huyu nataka awe na mtu. Wewe unazijua lugha zao, na uongo wao unaujua. Nenda naye, mama. Simama wewe."

Nililia gulioni, mtu mzima na miwani yangu, wateja wananiangalia. Jumatatu tukapanda basi, mimi na binti wa Holo. Tulifika chuoni saa nne. Afisa udahili, kijana mpole mwenye vishikwambi viwili, alianza kutueleza juu ya maktaba. Nikamwambia hayo baadaye, mwanangu, tuanze na funguo za hosteli.